Dada, Karibu, Chagua

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, Jumamosi ya kwanza baada ya bumu kuingia, tulitoka watu sita wa Humanities kwenda mnada wa Msalato kula nyama. Wanaojua wanajua. Moshi unauona kabla hujashuka kwenye daladala, na ukishashuka vumbi na harufu ya mbuzi wa kuchoma vinagombania pua yako. Katikati ya ng'ombe, vitunguu, sufuria na viatu kuna safu ndefu za maturubai yaliyotandikwa chini, na juu yake marundo ya nguo za mitumba.

Nilichokuwa najua mimi, na wenzangu hawakijui, ni kwamba mama yangu anauza pale. Siku za kawaida yuko Sabasaba. Jumamosi anafunga mzigo alfajiri anapanda gari kwenda Msalato. Rumeti wangu aliponiuliza wiki ya kwanza mama anafanya kazi gani, nilijibu, "Yuko kwenye biashara ya nguo," kwa sauti ya mtu ambaye mama yake ana duka lenye kiyoyozi na kioo cha kujitazamia. Si uongo. Lakini na nyie mnajua kwamba si ukweli.

Nilijiambia mnada ni mkubwa, hatutakutana. Tulikuwa tunakatiza kwenda upande wa mabanda ya nyama nikasikia sauti ambayo naijua kuliko sauti yangu mwenyewe: "Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili! Mali ya leo hiyo, imefunguliwa leo!" Amesimama katikati ya turubai, miguu peku, gauni moja begani, lingine mkononi analipepea. Mmoja wetu akainama kushika blauzi. Macho yangu na ya mama yakakutana.

Sikumwamkia. Nasema hivi hivi ilivyokuwa. Mtoto niliyelelewa kuamkia mpaka wapita njia, nilimtazama mama yangu mzazi na shikamoo ikanikwama kooni. Yeye akaniangalia, akawaangalia wenzangu, kitambulisho cha chuo shingoni kwangu, akaelewa. Akasema:

"Dada, karibu, chagua."

Nikajibu, "Ahsante." Nikapita.

Nyama siku ile nililipia mimi, sijui kwa nini. Jumapili nikaenda nyumbani Chang'ombe. Mama akanipikia ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza kuhusu mitihani, akanipa elfu kumi ya nauli. Hakuligusia. Na mimi sikuligusia, tukaishi hivyo zaidi ya miaka miwili.

Nimeanza mbali, lakini makala hii ni kuhusu maonyesho ya sanaa. Kamati ya uhariri iliniomba niandike "uzoefu wa Ulaya", kwa sababu mwaka jana nilipata nafasi ya kubadilishana wanafunzi na kukaa muhula mmoja Torino, kaskazini mwa Italia. Mimi nasoma Utalii na Urithi wa Utamaduni, na kule nilichukua somo la makumbusho. Uzoefu wenyewe ninao mwingi: baridi, tambi, upweke, makaratasi ya kibali cha kuishi. Ila kama nitaandika ukweli, uzoefu wa Ulaya nilioupata ni mmoja tu, na uliniangukia ndani ya chumba kimoja.

Kabla sijasafiri mama alinitafutia koti. Ilimchukua wiki tatu. Alikataa mawili ya wenzake akisema manyoya ya ndani yameshakufa, mwishowe akafungua balo lake la masweta na makoti, ambalo kwa kawaida analihifadhi mpaka Juni baridi ya Dodoma ianze kuuma. Akatoa koti la sufu la kijivu, zito kama blanketi. Akalipiga pasi ya mkaa, akakagua mifuko (hilo hufanya kwa kila nguo, amewahi kuokota sarafu za nchi ambazo hata sizijui), akabadilisha kifungo kimoja. Ndani kwenye lebo pameandikwa Made in Italy. Tulicheka sana. Jirani yetu mzee, ambaye bado anaita mitumba kwa jina la zamani, kafa Ulaya, akasema, "Basi mwenyewe akikuona atakudai." Ndivyo nilivyokwenda Italia, nimevaa koti linalorudi kwao.

Somo letu lilikuwa na ziara, na ziara moja ilikuwa Castello di Rivoli. Unapanda metro ya Torino mpaka kituo cha mwisho, unachukua basi, kisha unapandisha kilima. Ni kasri la watawala wa zamani wa eneo hilo, ukoo wa Savoia, ambalo msanifu wake wa karne ya 18, Filippo Juvarra, hakulimaliza. Limebaki hivyo hivyo, upande mmoja umekatika kama jengo la serikali lililoishiwa bajeti. Tangu 1984 ni makumbusho ya sanaa za kisasa. Kwa hiyo juu ya kichwa chako kuna dari za malaika na dhahabu, na chini yake kuna vitu ambavyo ukivikuta Majengo sokoni ungevipita.

Mfano mmoja: chumba kizima chenye mapambo ya kifalme, halafu katikati yake farasi. Farasi wa kweli, aliyekaushwa na kujazwa, ananing'inia kutoka darini kwa mikanda, kichwa kimeinama, miguu imerefushwa. Ni kazi ya Maurizio Cattelan ya mwaka 1997, inaitwa Novecento, yaani karne ya 20. Nilimfikiria babu yangu wa Bahi, mfugaji, angesema nini. Angeuliza kwanza nani alimpa ruhusa.

Mwalimu wetu alikuwa ametuandaa darasani. Alitueleza habari za Alberto Burri, daktari wa jeshi la Italia aliyetekwa Tunisia mwaka 1943, akapelekwa kambi ya wafungwa wa kivita huko Hereford, Texas, na huko akaanza kuchora. Baadaye miaka ya 50 akawa maarufu kwa kazi alizozitengeneza kwa magunia: yaliyotoboka, yaliyoshonwa viraka, yamewekwa fremu. Wenzangu wa Kizungu waliandika kwenye madaftari. Mimi niliona picha ile kwenye projekta nikajua kabisa mshono wake. Ni gunia la Kibaigwa lililoraruka likashonwa kwa sindano kubwa wakati lori linasubiri. Kisha akatueleza kundi lililokuja baada yake, ambalo mhakiki Germano Celant alilipa jina mwaka 1967: Arte Povera. Sanaa maskini. Wasanii wa Torino, Genova na Roma walioachana na marumaru na rangi za gharama, wakatumia makaa, udongo, matawi, vitambaa, hata wanyama hai. Jannis Kounellis aliwahi kufunga farasi 12 wazima ndani ya ukumbi mmoja Roma, mwaka 1969, na hayo ndiyo yakawa maonyesho.

Nakiri jina hilo lilinikera. Ukiwa umekulia nyumba ambayo bati linavuja, mtu akikuambia amechagua umaskini kama mtindo, lazima kidogo umtazame mara mbili.

Basi tukaingia chumba kingine, na mbele yangu pakawa na Msalato.

Sitanii. Rundo la nguo kuu kuu, limepanda ukutani juu kuliko mtu, rangi zote zimechanganyika. Mbele yake, karibu kabisa, amesimama mwanamke mweupe wa sanamu, uchi, ametupa mgongo. Uso wake umezama kwenye nguo. Ni Venus, yule mungu wa uzuri wa Warumi wa kale, na kazi yenyewe inaitwa Venere degli stracci. Aliyeibuni ni Michelangelo Pistoletto mwaka 1967, na hadithi yake ni rahisi kuliko nilivyotarajia: sanamu ni nakala ya zile zinazouzwa kupamba bustani, na nguo zilikuwa matambara aliyokuwa anafutia kazi zake nyingine za vioo. Akavikutanisha.

Kundi letu likaanza kujadili. Ulaji uliopitiliza. Takataka za ustaarabu. Uzuri na uchafu. Mwenzetu mmoja akasema rundo lile linamfanya ahisi kuzidiwa pumzi, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kimya, kwa sababu nilikuwa nafanya jambo la aibu: nilikuwa nachambua. Macho yenyewe yalikwenda. Ile ya bluu ni nzima, ile imepauka jua, ile shati kola imekufa, ile sweta ukiitoa vinundu inakwenda elfu tano. Kulikuwa na mkono wa nguo moja umeanguka sakafuni, umejikunja. Nyumbani mkono wa nguo ukilala chini unauokota, kwa sababu mtu ataukanyaga na gauni la elfu nane litakuwa la elfu mbili. Nikainama. Sikufikiri. Nikanyoosha mkono.

"Signorina!"

Mlinzi alikuwa ameshanifikia. Hakuwa mkali, niseme ukweli, alitabasamu hata. Akanionyesha kwa kidole: usiguse. Wenzangu wakageuka. Niliomba radhi nikarudi nyuma, na pale nyuma, nikiwa nimesimama mikono mifukoni ndani ya koti la mama, nikaanza kulia kama mjinga. Maana kwenye turubai la mama yangu kuna kanuni moja tu, na ni kinyume cha ile. Shika. Geuza. Vuta uone kama mshono unakaa. Chagua. Kila mtu duniani aliambiwa hivyo, pamoja na mimi niliyejifanya simjui.

Nilipiga picha. Usiku nikamtumia kwa WhatsApp bila maelezo, nikaandika tu: "Mama, hii iko makumbusho huku, watu wanalipa kiingilio." Asubuhi nikakuta sauti ya dakika mbili na sekunde kadhaa. Nyuma yake nasikia Sabasaba yote, muuza maji, bajaji, redio. Naiandika hapa kama alivyosema, amenipa ruhusa:

"Mwanangu, nimeiona. Kwanza, rundo hilo limechanganywa, nani kawafanyia hivyo? Sweta na blauzi na suruali za kiume pamoja! Hapo mteja hachagui, anachoka. Na lisipochambuliwa, gredi ya kwanza inalaliwa na gredi ya tatu, unapata hasara mchana kweupe. Halafu huyo mwanamke, mbona yuko uchi na nguo zote hizo mbele yake? Amekosa saizi yake? Muulizeni anatafuta nini. Haya, umekula? Koti linatosha?"

Nilisikiliza mara nyingi. Katika yote niliyosoma kuhusu kazi ile, na nilisoma, maana niliifanyia asaimenti, sikukuta aliyeuliza swali hilo. Wote wanaeleza Venus anamaanisha nini. Mama aliuliza anatafuta nini.

Kuna jambo la lugha pia. Stracci kwa Kiswahili ni matambara. Lakini mama angekataa tafsiri hiyo, na angekuwa na haki. Tambara ni nguo iliyomaliza safari: imefunguliwa siku ya kwanza kwa elfu kumi ikakosa mtu, ikashuka elfu tano, elfu mbili, mia tano, halafu ikabebwa na fundi magari kufutia oili. Kabla ya hapo ni mtumba, na neno mtumba halisemi uchakavu wala uchafu. Linasema mzigo, furushi lililofungwa. Furushi hilo mama analinunua bila kujua kilichomo. Kilo 45, zimebanwa kwa mikanda ya plastiki, nje pameandikwa aina tu. Unakopa kikoba, unalipa, unakata mkanda mbele ya wateja wanaosubiri, na ndani ya dakika kumi unajua kama ada ya mtoto ipo au haipo. Nimemwona mama akikata mkanda mara nyingi sana. Huwa hapumui.

Nakumbuka mdahalo wetu wa mwaka wa kwanza kuhusu mitumba na viwanda. Upande wangu ulipinga mitumba. Tulisema marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa sokoni hatua kwa hatua, Rwanda ikashikilia msimamo, Marekani ikaiadhibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nguo zake kwenye mpango wa AGOA, sisi na Kenya tukarudi nyuma. Tulisema imeua viwanda vyetu. Bado naona hoja ile ina uzito, sijaifuta. Lakini nilisimama pale nikiwa nimevaa gauni la mtumba, ada imelipwa na mtumba, nikasema "hawa wauza mitumba". Hawa. Tukashinda.

Nilipokuwa natafuta habari za asaimenti nikakutana na jingine. Juni 2023 Pistoletto, akiwa na miaka 90, aliwekewa Venus kubwa zaidi uwanjani Napoli, mbele ya jengo la manispaa. Haikumaliza mwezi. Tarehe 12 Julai ikachomwa moto alfajiri, ikabaki mifupa ya vyuma. Magazeti yaliandika kwa huzuni, na Machi 2024 ikasimamishwa nyingine. Nilimpigia mama nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama Karume." Soko la Karume, Ilala, liliungua Januari 2022, na yule anayempelekea mama mabalo kutoka Dar alikuwa na mzigo mle. Miezi miwili mama hakupata mali. Huo ndio muhula ambao nilimwambia rumeti kwamba nafunga swaumu ya hiari.

Akauliza, "Na huyo mzee wa Napoli, walimlipa?" Nikasema ilitengenezwa nyingine. Akasema, "Afadhali." Kwa dhati kabisa, kama anamwonea huruma mfanyabiashara mwenzake.

Mara tatu niliandika ujumbe unaoanza, "Mama, ile siku ya Msalato," nikaufuta mara tatu.

Nilirudi Februari. Kutoka Dar nilipanda treni ya SGR, mama akaja stesheni amevaa kitenge cha sherehe. Nikamwamkia kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu. Akacheka, "Marahaba, marahaba, mbona unapiga kelele, mimi si kiziwi." Jumamosi yake, saa kumi na moja alfajiri, nilimkuta uani anafunga mzigo. Nikavaa kandambili nikashika upande wa pili wa furushi. Hakuniuliza kitu. Ndani ya gari tulikuwa tumebanwa na mifuko ya vitunguu, nikamwambia. Nilianza na ile siku, nikamaliza na ile siku. Mama alikuwa anaangalia dirishani. Akasema, "Ulikuwa na wageni." Baada ya muda akaongeza, "Nilikuita dada kwa sababu ukiwa mteja huna kosa la kupita." Sikuwa na la kujibu. Akanipa furushi nishike, akashuka.

Tulitandika turubai. Nilijifunza kwamba kuita wateja ni kazi ya tumbo na si ya koo. Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeuliza swali kwenye semina, na kijana wa turubai la jirani akaniangalia kwa masikitiko. Mama alikuwa amekwenda kutafuta chenji. Saa nne hivi wakaja wasichana watatu, vitambulisho vya UDOM shingoni, mmoja namfahamu kwa sura, tulikuwa naye darasa la mawasiliano mwaka wa kwanza. Akanitazama mimi, akatazama rundo, akanitazama tena. Nikaona anavyotafuta la kusema, na nikaona kwamba anataka kupita.

"Dada, karibu, chagua," nikasema. "Ni mali ya mama yangu."

Akainama. Akashika gauni la maua, akaligeuza, akavuta mshono. "Shilingi ngapi hili?"

"Elfu tatu."

"Elfu tano hilo!" Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu, noti mkononi, anapumua juu juu. "Elfu tano, mwanangu, tazama pindo lake. Huyu ni mgeni, alikuwa Ulaya, bei bado hajui."

Yule msichana alitoa elfu nne, wakabishana mpaka elfu nne na mia tano, na mimi nikatafuta mfuko.